Hulka ya Mtumishi na Siku ya Kustaafu

Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi



Kila chama cha msingi kina mali ambayo haikuandikwa katika daftari la mali. Mizani, ghala, sefu, meza na kompyuta huhesabiwa kila mwisho wa mwaka, na mkaguzi hufika akaviona. Lakini ujuzi uliomo kichwani mwa katibu aliyekaa katika ofisi ile kwa miaka 25 hauhesabiwi na mtu yeyote. Katibu huyo anajua ni mkulima yupi bado anauza mazao kwa jina la marehemu baba yake. Anajua ni shamba lipi lina ugomvi wa urithi, ni deni lipi la pembejeo lilikubaliwa lilipwe kwa misimu miwili, na ni kwa nini hesabu ya magunia ya mwaka fulani ilirekebishwa kwa kalamu nyekundu. Siku anapoondoka, mali hiyo huondoka naye, ila kama ilikabidhiwa mapema.

Kwa sababu hiyo, swali la lini mtumishi mzee astaafu halimhusu yeye na familia yake tu. Ni jambo la chama kizima. Akiondoka kabla ya wakati, chama hubaki na vitabu visivyosomeka. Akikaa kupita wakati, makosa madogo huongezeka, vijana waliosomeshwa kwa fedha za wanachama huchoka kungoja wakaenda kwingine, na heshima aliyoichuma kwa miaka mingi huanza kuliwa na maneno ya pembeni.

Watu wengi hudhani kwamba jibu la swali hili limo katika mambo mawili tu, yaani sheria na fedha. Hayo ni mambo makubwa, lakini hayatoshi. Watumishi wawili wanaweza kuwa na umri mmoja, mshahara mmoja na idadi moja ya watoto wanaosoma. Mmoja akaomba kustaafu kabla hajaambiwa, na mwingine akaja ofisini hata baada ya kuagwa. Kinachowatenga hao wawili ni hulka, yaani yale maumbile ya moyo ambayo mtu amekuwa nayo tangu ujana na ambayo kazi ya miaka mingi imeyakomaza. Wahenga walisema kwamba tabia ni kama ngozi. Mazungumzo haya yanahusu ngozi hiyo, na namna chama kinavyoweza kuitambua bila kumvunjia mtu heshima.

UMRI WA SHERIA NI MPANGO WA WATU

Inafaa kukumbuka kwanza kwamba umri wa kustaafu haukushuka kutoka mbinguni. Ujerumani ilipotunga sheria yake ya pensheni ya uzeeni mwaka 1889, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70. Mwaka 1916 ukateremshwa kuwa 65. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wakiwastaafisha watumishi wa serikali wakiwa na miaka 55, hata mwaka 2009 umri huo ukapandishwa kuwa 60. Namba hizi huwekwa na serikali kwa kutazama hazina, ajira za vijana na afya ya watu. Hakuna namba inayoweza kusema ni siku gani mikono ya mtu fulani imechoka au akili yake imepungua wepesi.

Hapa Tanzania mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika miaka 60. Kwa hiyo kati ya namba hizo mbili kuna mlango uliofunguliwa kwa miaka mitano, na sheria haisemi mtu apite siku gani. Ni katika miaka hiyo mitano ndipo hulka hufanya kazi yake. Na katika vyama vidogo, ambako katibu alianza kwa kujitolea, akalipwa posho, kisha akalipwa mshahara bila mkataba ulioandikwa vizuri, mlango huo hauna hata fremu. Hapo hulka ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Ni lazima pia kusema ukweli kuhusu fedha. Mtumishi aliyeandikishwa katika NSSF huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ili astahili pensheni ya uzeeni. Aliyechelewa kuandikishwa, au ambaye chama chake kilikata fedha kwenye mshahara kisha hakikuzipeleka, hana uhuru wa kuchagua. Huyo hukaa kwa sababu hana pa kwenda, na ni dhuluma kumwita mroho wa madaraka. Vivyo hivyo mtu aliye mgonjwa, au anayemuuguza mwenzi wake, huamua kwa shida iliyo mbele yake. Kazi ya hulka huanza pale ambapo mtu ana nafasi, hata iwe ndogo, ya kuchagua.

WALIYOYAONA WATAFITI

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1962 watafiti watatu wa Marekani, Suzanne Reichard, Florine Livson na Paul Petersen, walichapisha kitabu kuhusu wanaume 87 wa eneo la San Francisco, wenye umri wa miaka 55 hadi 84. Baadhi yao walikuwa bado kazini na wengine walikuwa wamestaafu. Watafiti hao walitaka kujua kwa nini wengine huupokea uzee kwa utulivu na wengine kwa vita. Waliona makundi matano.

Kundi la kwanza waliliita la watu waliokomaa. Hawa walijikubali walivyo, wakafurahia kazi ilipokuwapo, na walipoiacha hawakujilaumu wala kulaumu mtu. Kundi la pili liliitwa la watu wa kiti cha kubembea. Kwao kustaafu kulikuwa sawa na kutua mzigo. Waliona wamefanya yao, sasa ni zamu ya wengine. Kundi la tatu ni la watu waliovaa deraya. Hawa waliuogopa uzee, lakini waliificha hofu yao kwa kazi. Walijishughulisha mchana kutwa na kushikilia ratiba yao, na muda wote walipokuwa na jambo la kufanya walikuwa salama.

Makundi hayo matatu, kila moja kwa njia yake, yaliweza kuishi vizuri. Mawili yaliyobaki yalipata taabu. Wenye hasira walifika uzeeni wakiwa na kisasi, wakiona kwamba wengine ndio waliowazuia kufanikiwa. Wenye kujichukia wao walielekeza lawama ndani ya nafsi zao, wakaona maisha yao yalikuwa bure.

Wanaume 87 wa mji wa ng'ambo si kipimo cha kupimia kila mzee wa Rombo, Tarime au Newala. Hata hivyo, katibu yeyote aliyekaa katika ushirika kwa muda akiyasikia makundi hayo atamkumbuka mtu. Na somo moja linatufaa moja kwa moja: mtu aliyevaa deraya na mtu wa kiti cha kubembea wote wawili wanaweza kuzeeka vizuri, lakini haiwezekani kuwaaga kwa namna moja. Ukimvua wa kwanza kazi yote kwa siku moja, umemvua ngao. Ukimbembeleza wa pili abaki misimu miwili zaidi, umemtwisha mzigo aliokwisha kuutua moyoni, na atakuwa akifika ofisini mwili tu.

HULKA TANO KATIKA OFISI YA CHAMA

Wataalamu wa siku hizi hupenda kuipima hulka ya mtu kwa mambo matano: umakini wake katika kazi, uchangamfu wake kwa watu, wasiwasi wake, upole wake, na hamu yake ya mambo mapya. Kila mtu anayo yote matano, ila kwa viwango tofauti. Inafaa kutazama kila moja inavyofanya kazi pale mezani.

Wa kwanza ni mtu makini. Huyu ndiye nguzo ya chama. Leja yake haina mfuto, stakabadhi zake zimefuatana, na taarifa ya benki huilinganisha na daftari la fedha kabla mwezi haujakauka. Mtu wa namna hii mara nyingi hujiandaa vizuri kwa kustaafu: anajua idadi ya michango yake, amepanda miti, amemaliza nyumba. Lakini papo hapo kuna mtego. Kwa kuwa anajua kazi yake ni safi, huamini kwamba hapana mwingine atakayeifanya hivyo. Humwachia msaidizi wake kazi ya kufuta vumbi na kupeleka barua, na daftari la fedha halimtoki mkononi. Hachukui likizo. Wanachama humsifu kwa hilo, lakini mkaguzi mwenye uzoefu huona hatari, kwa sababu kitabu kisichowahi kushikwa na mkono wa pili hakijawahi kuonwa na jicho la pili. Hata kama hakuna senti iliyopotea, chama kimejifunga kwa mtu mmoja. Huyu hastaafu kwa sababu anakipenda chama, na kwa upendo huohuo anakidhoofisha.

Wa pili ni mtu mchangamfu. Kwake ofisi ni baraza. Siku ya malipo wanachama hujaa uani, habari za vijiji vyote humfikia, na hakuna msiba asioalikwa. Mshahara wake anaweza kuusahau, lakini hawezi kusahau salamu. Huyu anapofikiri kustaafu, haoni njaa mbele yake; anaona uani mtupu. Akipata baraza jingine, kama vile kamati ya shule, uzee wa kanisa au kamati ya msikiti, huondoka akiwa anacheka. Asipolipata, huondoka kwa barua lakini miguu yake hurudi kila asubuhi, akaketi kwenye benchi la ofisi, na mwanachama akija na tatizo humwendea yeye kabla ya katibu mpya. Hapo chama huwa na makatibu wawili, mmoja wa kulipwa na mmoja wa kusikilizwa.

Wa tatu ni mtu mwenye wasiwasi mwingi. Huyu hulka yake humvuta pande mbili. Kila badiliko humtisha: mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika korosho mwaka 2007, na baadaye kumbukumbu za vyama zilipoanza kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, mtu wa namna hii hukosa usingizi kwa kuogopa kukosea mbele ya vijana. Kwa hofu hiyo anaweza kuomba kuondoka mapema, akitaja shinikizo la damu au macho. Huenda kweli anaumwa, kwa maana wasiwasi wa muda mrefu huumiza mwili. Huko Norway, Morten Blekesaune na Vegard Skirbekk walilinganisha hulka za watu na kumbukumbu za pensheni zao, na katika taarifa yao ya mwaka 2012 walionyesha kwamba wanawake wenye wasiwasi mwingi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka kazini mapema kwa pensheni ya ulemavu. Lakini wasiwasi huohuo unaweza kumshika mtu asiondoke kamwe, kwa kuogopa kwamba pensheni haitatosha au kwamba wakwe watamdharau. Mtu huyu hahitaji kusukumwa wala kuvutwa. Anahitaji kuonyeshwa hesabu zilizoandikwa wazi, shilingi kwa shilingi, na kupewa muda wa kuzirudia.

Wa nne ni mtu mpole. Huyu hajui kusema hapana. Alikusudia kuondoka msimu wa pamba ulipofungwa, lakini wazee wakamwendea nyumbani jioni: "Mwanangu, tusaidie msimu mmoja tu." Akakubali. Msimu mmoja ukawa mitano. Wakati mwingine humtokea kinyume chake: mjumbe wa bodi mwenye kijana wa kuajiri humdokeza kwamba amechoka, naye kwa kuchukia ugomvi huandika barua ya kuacha kazi miaka mitatu kabla ya wakati, akapoteza haki ambayo angeipata kwa kusubiri. Katika hali zote mbili, siku ya kustaafu iliamuliwa na watu wengine. Mara nyingi hali hii huwapata wanawake, kwa sababu nyumbani pia kila mmoja humtegemea: mama mkwe akiugua, yeye ndiye anayetazamiwa kuacha kazi, na ofisini hakuna anayeuliza kama alitaka.

Wa tano ni mtu mwenye hamu ya mambo mapya. Akifika miaka 55 kichwa chake kimejaa mizinga ya nyuki, kitalu cha miche na mashine ya kukoboa. Huyu hastaafu kwa kuchoka; huhama tu kutoka kazi moja kwenda nyingine. Chama kisimzuie, lakini kimwombe jambo moja, kwa maana kosa lake kubwa ni haraka. Hupenda kuondoka wazo linapokuwa moto, hata kama mizani iko uani na foleni ya wakulima inafika barabarani. Faida yake ni kwamba yeye ndiye mwalimu bora wa mfumo mpya ikiwa ataombwa kuwafundisha wenzake kabla hajaenda.

Ikumbukwe kwamba hakuna mtu aliye wa aina moja tu. Mtu makini anaweza kuwa na wasiwasi, na mchangamfu akawa mpole. Makundi haya ni taa ya kumulikia njia. Si mihuri ya kuwapiga watu kwenye paji la uso.

VIONGOZI WA KUCHAGULIWA NAO

Yaliyosemwa juu ya watumishi yanawahusu pia wenyeviti na wajumbe. Mwaka 1988 mtaalamu wa uongozi wa Marekani, Jeffrey Sonnenfeld, alitoa kitabu kuhusu namna wakuu wa makampuni makubwa wanavyoaga vyeo vyao. Aliwagawa katika namna nne. Wafalme hawaondoki hadi wafe au wapinduliwe. Majemadari huondoka kwa shingo upande, kisha hupanga kurudi na kusema wamekuja kukiokoa chombo na uzembe wa waliowafuata. Mabalozi huondoka vizuri, wakabaki karibu kama washauri. Magavana hutumikia kipindi chao, wakaondoka kabisa kwenda kufanya kazi nyingine.

Nchi yetu ina mfano wake ambao kila mwanachama anaujua. Mwaka 1985 Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais kwa hiari yake, akiwa na umri wa miaka 63, na neno kung'atuka, lenye asili ya Kizanaki, likaingia katika Kiswahili cha nchi nzima. Alibaki Mwenyekiti wa Chama hadi mwaka 1990, kisha akauacha uenyekiti huo pia. Haidhuru mtu ana maoni gani juu ya siasa za miaka ile. Jambo la kujifunza ni kwamba aliondoka kwa hatua. Mzigo mmoja ulitolewa kwanza, wa pili ukafuata baada ya miaka mitano, na aliyepokea alipata nafasi ya kuzoea.

Ushirika unahitaji mabalozi wengi na wafalme wachache. Umoja wa KNCU uliundwa mwaka 1933, na waliouanzisha wamekwisha kupita. Ushirika uliendelea kwa sababu vizazi vilipokezana. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Majengo yanaweza kufungwa na kufunguliwa kwa amri, lakini ujuzi ukishatawanyika haurudi kwa amri. Ndiyo maana makabidhiano mema kati ya mzee na kijana ni ulinzi wa chama kuliko kufuli la ghala.

CHAMA KIFANYE NINI

Chama hakiwezi kubadilisha hulka ya mtu wa miaka 58, wala hakina haki ya kujaribu. Kinachowezekana ni kuweka utaratibu ulio sawa kwa wote, kisha kuzungumza na kila mmoja kwa lugha anayoielewa moyoni. Utaratibu ukiwa imara, hulka ya mtu mmoja haitaweza kukiyumbisha chama.

1. Tarehe iandikwe mapema. Mtumishi anapofika miaka 55, bodi izungumze naye kwa faragha na kwa heshima juu ya mipango yake, na makubaliano yaingizwe katika muhtasari wa kikao. Mtu mpole akiwa na tarehe iliyoandikwa, hatasukumwa kabla yake wala kubembelezwa kupita hapo.

2. Michango ikaguliwe kila mwaka. Mtumishi apewe taarifa ya michango yake aisome mwenyewe. Kosa linalogunduliwa miaka mitano kabla ya kustaafu hurekebishwa kwa barua moja. Likigunduliwa siku ya kuagana, huleta machozi na kesi. Chama kilichokata fedha za mtumishi bila kuzipeleka kinadaiwa deni, na deni hilo liingizwe katika makisio kabla ya mambo mengine.

3. Likizo iwe lazima. Kila mwaka katibu na mtunza ghala wachukue likizo zao kamili, na msaidizi ashike vitabu kwa siku zote hizo. Kwa mtu makini haya ni mazoezi ya kuachilia. Kwa msaidizi ni shule. Kwa wanachama ni kinga.

4. Siku ya kuondoka ifuate msimu. Makabidhiano yafanyike baada ya msimu kufungwa na wakulima kulipwa, na kabla makisio ya mwaka mpya hayajapitishwa. Mwenye hamu ya mambo mapya aelezwe hivyo tangu mwanzo, naye atapanga mizinga yake sawasawa.

5. Makabidhiano yawe ya maandishi. Orodha ioneshe leja, daftari la wanachama, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, kitabu cha hundi, mihuri, funguo, hesabu ya ghala, madeni ya pembejeo mtu kwa mtu, na nywila za kompyuta, ambazo zibadilishwe siku hiyohiyo. Benki ijulishwe mara moja kuhusu watia saini wapya. Pamoja na orodha hiyo, mzee akae na mrithi wake siku kadhaa amsimulie yale ambayo hayakuandikwa, na mrithi ayaandike.

6. Mzee apewe nafasi isiyo na funguo. Jungu kuu halikosi ukoko. Mtu mchangamfu na yule aliyevaa deraya wanaweza kuitwa kuwafundisha wanachama wapya, kusuluhisha ugomvi wa urithi wa hisa, au kuwa wasimulizi wa historia ya chama katika mkutano mkuu. Lakini asishike fedha, asitie saini, na asipokee malalamiko ofisini. Mipaka hiyo isemwe siku ya kuagana mbele ya watu wote, ili asiivuke bila kujua na mrithi asidhani anadharauliwa.

7. Kuagana kuwe kwa heshima. Mkutano mkuu usikie kwa kinywa cha mwenyekiti kazi aliyoifanya mtumishi huyo. Wenye hasira na wenye kujilaumu wanahitaji neno hili kuliko wote. Mtu aliyetumika miaka 30 akaondoka kwa mlango wa nyuma, hata kama pensheni yake ni kamili, huenda nyumbani na donda.

Msisitizo wa mwisho ni kwa makatibu wenyewe, hasa waliovuka miaka 50. Kila mmoja ana wajibu wa kujiuliza, akiwa peke yake, ni kitu gani hasa kinachomshika mezani. Kama ni ada ya mtoto, hilo lina hesabu yake. Kama ni michango iliyopungua, hilo lina ofisi yake. Lakini kama ni hofu ya ua mtupu, au imani kwamba kijana hataweza, au aibu ya kusema hapana kwa wazee, basi jambo hilo halitatatuliwa na msimu mwingine mmoja. Aliyeitambua hulka yake mapema ana nafasi ya kuamua mwenyewe. Asiyeitambua, hulka yake itamwamulia, na mara nyingi itachagua siku mbaya.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi ya katibu hupimwa siku anayoondoka kuliko siku zote alizokaa. Mkulima akifika dirishani na kilo zake za kahawa, akapimiwa sawa, akaandikiwa stakabadhi sahihi na kulipwa kwa wakati, bila hata kujua kwamba aliyeishika kalamu ni mtu mpya, basi yule aliyestaafu amefanya kazi yake hadi mwisho.